Noti ya Pili ya Dada Yake

Zamani mtu alijifunza wimbo kwa kumtazama mama yake kinywani. Siku hizi anauingiza kwenye kompyuta, kisha kompyuta inamsahihisha mama.

Fundi Nyuzi hakusoma muziki popote. Alitengeneza ukulele, vile vigitaa vya nyuzi nne, kwa mbao za makabati yaliyotupwa, katika chumba cha nyuma kilichonuka gundi. Wapita njia walimwita mzee wa midoli. Yeye aliendelea kukata mbao. Mtu asiyejua kushika msumeno utamweleza nini?

Dada yake mkubwa, mshona mapazia, alikuwa na wimbo mmoja ulioachwa na mama yao, na wimbo huo ulipanda ngazi isiyo ya kawaida: noti ya pili ilibanana na ya kwanza kama watu wawili kwenye kiti kimoja, kisha ukaruka hatua ndefu hadi ya tatu. Huko juu, ya sita na ya saba zilikuwa na mambo yaleyale. Kila mpiga gitaa aliyejaribu kumfuata alimkanyaga.

Fundi akajipa kazi ya kumtengenezea kordi. Kanuni aliitoa kwenye kitabu kisicho na jalada: shika noti, ruka moja, chukua inayofuata, ruka tena, chukua, zipige pamoja. Ila noti ziwe za ngazi ya wimbo wenyewe, si za kuazima. Kordi ya kwanza ilipatikana kwa kidole kimoja. Ya pili ilikuwa umbo lilelile limesogezwa nafasi moja tu shingoni mwa ukulele, zote mbili changamfu, bega kwa bega. Ya tano ndiyo iliyomtesa. Mazoea yalimvuta apige ile nyoofu, yenye noti ya pili ya kuazima, ambayo kila bendi huirudia kuurejesha wimbo nyumbani.

"Unanisukuma, mdogo wangu," dada alisema, akitema pini kiganjani.

"Nimekusukuma wapi?"

"Pale ninaposhuka. Mimi nashuka, wewe umesimama mlangoni kama askari."

Fundi akarudisha kidole kimoja nyuma nafasi moja. Kordi ikatoka imepinda, kali kama ndimu. Dada akaimba juu yake hadi mwisho bila kuyumba.

"Ehe! Sasa umenishika mkono."

Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu aanze kazi hiyo.

Kisha daktari akaona uvimbe kooni mwa dada. Jumatatu angepasuliwa, na sauti ingeweza isirudi. Ilibaki Jumamosi moja ya kuuhifadhi wimbo.

Mwana wa dada, aliyebandikwa jina la Redio kwa kuwa hakuzimika, akajitolea. Yeye na wenzake wawili walikuwa na chumba cha kurekodia kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na kordi tatu walizozitumia kwa mapenzi, kwa msiba na kwa matangazo ya sabuni.

"Mjomba, nyuzi nne tu? Nyingine umekula?" Redio aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Nne zinamtosha anayejua anachotafuta. Huyo mwenzako wa kinanda ana vitufe sitini na bado hajakipata."

Dada aliimba mara moja, amefumba macho, Fundi akimfuata hatua kwa hatua. Hata wale watatu walinyamaza. Kwao hiyo ilikuwa kazi nzito.

Akapasuliwa, akapona. Sauti ikabaki mnong'ono.

Wiki mbili baadaye vijana wakaja sebuleni na wimbo kwenye simu.

"Mama, tumekunyoosha!" Redio alisema, kifua mbele. "Noti yako ya pili ilikuwa chini kila mahali. Programu imeipandisha kote. Ukulele ya mjomba ikawa inagongana nayo, tukaitoa, tukaweka kinanda."

Kutojua si aibu. Aibu ni kumsahihisha aliyekuzaa bila hata kumuuliza.

Wimbo ukalia. Ulikuwa safi, safi kama meno ya bandia. Dada alisikiliza hadi mwisho, kisha akamvuta mdogo wake karibu.

"Huyu anayeimba ni nani?" alinong'ona.

Fundi akawageukia vijana. "Ile ya kwanza iko wapi? Ile kabla hamjainyoosha?"

"Tulihifadhi hii juu yake, mjomba," Redio akasema. "Nafasi ilijaa. Lakini si wimbo uleule? Noti moja tu!"

"Tokeni."

"Mjomba, sisi tumejitolea..."

"Nimesema tokeni. Mkajitolee kwingine."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona; siku hizi Redio akija kumjulia hali mama yake, mjomba hutokea mlango wa nyuma. Siku ile alisimama dirishani. Nyuma yake dada alikuwa amefungua mdomo, akijaribu kushuka hadi kwenye noti yake, na ikatoka hewa tupu. Vijana walikuwa wakivuka barabara, Redio katikati, simu ameiinua juu, wimbo ule ulionyooshwa ukilia, na wenzake wakitikisa vichwa kwa raha. Hakuna aliyegeuka.