Kikombe cha Kijani Kwenye Foleni ya Uji

Hippolyte Mugisho aliwajua watoto wa shule ile kwa vikombe vyao, si kwa nyuso. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na saba, lakini mwenye haya kama bibi harusi, na alipogawa uji macho yake hayakupanda juu ya upawa. Kikombe cha bati chenye mkono uliofungwa waya kilikuwa cha mtoto wa fundi cherehani. Kile cha kijani, kilichobanduka rangi mdomoni, kilikuwa cha Adyero, msichana wa darasa la tatu.

Shule ilikuwa katika mtaa wa Makindye, chini ya kambi ya jeshi, na wengi wa wanafunzi walikuwa watoto wa askari. Hippolyte mwenyewe alikuwa mkimbizi Mkongo kutoka Bukavu. Alivuka mpaka wakati wa vita vya waasi, na mwaka ule wa 1975 ulikuwa wa tisa akikoroga uji wa mahindi katika nusu pipa. Sukari ilikuwa imeadimika tangu Wahindi wafukuzwe nchini na maduka yao yafungwe, basi uji ukatiwa chumvi. Watoto waliunywa hivyo hivyo, maana wengi walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu jana yake.

Wiki ya pili ya muhula, kikombe cha kijani kilianza kuja katika mikono mingine, mikubwa, yenye kovu kwenye kidole gumba. Hippolyte akamimina siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne akajikaza, akainua macho. Alikuwa Sulaimani wa darasa la sita, ambaye alikwisha kunywa kwa kikombe cha rafiki yake na sasa amerudi mara ya pili. Baba yake alikuwa sajenti kambini, na hata walimu walipolitaja jina la baba huyo walishusha sauti.

Hippolyte alimwendea Mwalimu Lakot, aliyefundisha darasa la tatu, akamweleza.

"Nimeona, mzee," Mwalimu Lakot akasema. "Juzi Adyero alisinzia kwenye hesabu, nikadhani ni malaria. Sasa hataki tena kuja shule. Mama yake anasema akiendelea kulia asubuhi, atambakiza nyumbani amlelee mdogo wake."

"Mwalimu mkuu anajua?"

"Anajua. Lakini nani amguse mtoto wa Sajenti? Baba yake Adyero naye alikuwa askari. Asubuhi moja lilikuja gari kumchukua, hakurudi. Basi, mzee, tusiongee sana."

Hippolyte akarudi jikoni. Mtu anayeishi kwa kibali katika nchi ya watu hujifunza kunyamaza mapema.

Akatafuta njia ya kimya. Kila siku kabla ya kengele alimwita Adyero jikoni, akampa uji kwenye bakuli nyuma ya mlango. "Kunywa, mwanangu. Usimwambie mtu." Alifurahi moyoni, akaona amemaliza kazi. Lakini watoto wana macho. Siku tatu hazikupita, wimbo ukazuka uwanjani:

"Bibi ya mpishi! Bibi ya mpishi anakula jikoni!"

Ijumaa Adyero hakuja jikoni. Hippolyte alimkuta nyuma ya tangi la maji, amekumbatia magoti.

"Mzee, usiniite tena."

"Kwa nini, mama?"

"Zamani alinionea Sulaimani peke yake. Sasa wananicheka wote, hata wale niliokuwa naruka nao kamba."

Maneno yale yalimlaza macho siku mbili. Alikuwa amemficha mtoto nyuma ya mlango kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Jumatatu kikombe cha kijani kikaja, na kidole chenye kovu. Hippolyte akaulaza upawa ukingoni mwa pipa.

"Kikombe hiki kina mwenyewe."

"Ni changu. Pakua!"

"Ni cha Adyero. Namngoja."

"Wewe Mkongo, nasema pakua!"

Hippolyte akafumbata mikono. Foleni nzima ikasimama. Kwanza minong'ono, kisha mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Sulaimani, tunakufa njaa!" Mwingine akadakia: "Rudisha kitu cha wenyewe!" Na wale wale walioimba wiki iliyopita wakaanza kuita: "Adyero! Adyero, kuja, tunakungoja wewe!"

Akaja, ameinamisha uso. Hippolyte akamjazia mpaka mdomoni, mbele ya wote.

"Nitamwambia baba," Sulaimani akasema. "Ataleta gari."

Hakuna aliyecheka. Kila mtoto pale alijua maana ya gari.

Kesho yake Hippolyte alimwachia Mwalimu Lakot ufunguo wa chumba chake, endapo gari lingemchukua, akawasha moto kama kawaida. Saa nne viatu vya jeshi vikasikika kwenye kokoto.

"Nani alinyima mtoto yangu uji?"

"Mimi, afande. Hakuja na kikombe chake."

Sajenti akamgeukia mwanawe. "Ile kikombe nilinunua iko wapi?"

Sulaimani akarudi nyuma hatua moja. Mkono wa baba ukashuka kwenye mkanda, na hapo hapo kiwiko cha mtoto kikapanda kuufunika uso, upesi, kama kitu kilichozoea njia yake. Hippolyte akaona. Na yeye ambaye hakuwa mwepesi wa kusema akasema:

"Kiko jikoni, afande. Nakitunza mimi kisipotee."

Akaingia, akatoka na kikombe chake mwenyewe, cheupe chenye ukingo wa buluu, alichokibeba kutoka Bukavu ndani ya blanketi. Sajenti alikitazama, akamtazama mpishi. Huenda alijua. Huenda hakukumbuka alichonunua.

"Sawa. Mpe kama wengine."

"Kama wengine, afande."

Viatu vilipopotea, Hippolyte akauliza kwa sauti ya chini, "Chako kilikwenda wapi?"

"Wa darasa la saba walikitupa chooni, siku ya kwanza ya muhula. Niliogopa kusema nyumbani."

"Hiki ni chako sasa. Lakini utasimama nyuma ya Adyero, na cha mtu hukigusi."

"Ndiyo, mzee."

Sulaimani hakugeuka malaika. Kwenye mpira aliendelea kusukuma watu. Ila cha mtu hakukigusa. Muhula uliofuata Adyero alirudi, na siku ya kwanza alisimama mbele kabisa ya foleni.

"Mzee, na wewe kikombe chako kiko wapi?"

Hippolyte akainua macho, akamtazama usoni. Kisha akachota uji, akaupuliza, akaunywa kwenye upawa, foleni nzima ikacheka, naye akacheka nao.