Kumi na Tatu za Mwalimu Pierre-Claver

Pierre-Claver alifika Durban mwaka 1997 na shahada ya historia kutoka Lubumbashi. Durban ikampokea kwa heshima zote: ikamvika koti la njano, ikampa kulinda magari nje ya ukumbi mmoja wa Queensburgh. Mimi nililinda upande wa pili, ila mimi sina shahada, nilistahili.

Tasnifu yake ilihusu miji ya walowezi wa kwanza kando ya mto Ohio, Marekani. Kongo, kama mjuavyo, haina mto wa kumtosha msomi.

Bi Pringle, mwenye Toyota nyeupe, alikuwa akiandaa hotuba kwa chama cha historia kilichokutana ukumbini humo. Babu wa babu yake, alidai, ndiye aliyeanzisha Tolliver, mji wa ukingoni mwa mto huohuo. Pierre-Claver alipomtajia vijito vyake kimoja kimoja, nusura mama wa watu adondoshe funguo. Akampa kurasa zote azipitie. Akaahidi pia kumpeleka kwa kaka yake, mkuu wa shule, aliyekuwa akitafuta mwalimu wa historia.

Nilimwombea. Wivu nao niliuona, siwafichi.

Jamaa akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Bi Pringle alipoandika kwamba babu alikuta ukingo mtupu, akawauliza wenyeji wa asili wa huko, pembeni: "Washawnee walikuwa wapi, sokoni?" Babu alipovusha watu mtoni: "Kasia alipiga nani? Kama ni mtumwa wake, jina lake?" Mwishoni akaandika 13/20, akapiga mistari miwili chini yake.

"Treize!" akaniambia, macho yanang'aa. "Miaka kumi na moja nilifundisha, sikutoaka treize hata siku moja. Madame atafurahi sana, ndugu."

Kwao kumi na tatu ni sherehe. Kwa Bi Pringle, aliyezoea kusifiwa hata kwa kupiga chafya, lilikuwa kofi. Alichukua kurasa zake, akapandisha kioo cha gari. Habari za kaka hazikusikika tena.

Siku ya hotuba madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi. Washawnee wakasomwa. Mpiga kasia akasomwa, na swali la jina lake pia, neno kwa neno. Makofi yakarindima. Bi Pringle akamshukuru mumewe na waliooka keki. Hakutaja mwingine.

Nilitaka kuitoa upepo ile Toyota. Pierre-Claver akanishika mkono, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa iko kumi na sita," akasema.

Kisha akaenda kumwelekeza Bi Pringle arudi nyuma taratibu, asigonge nguzo.