Mwizi wa Majina ya Mababu

Sitaandika jina la mtu hapa. Majina yalishatuponza mara moja, inatosha.

Miaka ya tisini, Garissa, kadi za benki tulizisikia tu. Kaka yangu alifanya kazi Uarabuni, na akitaka kumtumia mama pesa alizipitisha kwa wafanyabiashara wetu. Wao walitangaziana kwa redio kol, tuliyoiita taar: fulani katumiwa, akachukulie duka la Nairobi. Kitambulisho hukuulizwa. Ulitaja jina lako, la baba, la babu, ukapanda mpaka babu wa nane, ukapewa. Kama huwezi kufika, jamaa yako alikutajia. Tatizo ni kwamba taar ilisikika na kila aliyekuwa na redio.

Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alituonya kwamba tukichelewa, jicho la kushoto litakwenda. Kaka akajinyima, akatuma pesa za upasuaji.

Siku mbili baadaye mama aliitwa kwenye simu ya duka la vitambaa, pale alipokuwa akiuza maziwa ya ngamia. "Eedo," mtu akamwita kwa heshima, yaani shangazi, "napiga kutoka ofisi ya Nairobi. Karatasi yako imemwagikiwa chai, majina hayasomeki. Hebu nitajie mababu."

Sasa wewe mwombe mama wa Kisomali nasaba yake uone! Alisimama wima, akayashusha yote kwa madaha, duka zima likisikiliza. Kuanzia jina la tano yule mtu akawa anataja pamoja naye hadi mwisho. Mama alirudi anacheka. "Kijana ana adabu," akaniambia, "na nasaba anaijua."

Tulipofika Nairobi, karani alitushangaa. "Mwanao si alikuja juzi," akamwambia mama, "akataja mababu wote?" Tukarudi Garissa mikono mitupu. Miezi ikapita, na jicho la kushoto likazimika.

Wallahi, nilimwombea yule mtu kila baya ninalolijua, kwa lugha tatu. Nikiwa nafundisha darasani, mkono ukiandika ubaoni, moyoni namkaba koo. Na nilijilaumu pia, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa wazi: ofisi iliyopokea pesa zako inayo majina yako. Anayekupigia simu kuyaomba hana. Mwambie ataje yeye kwanza, akibabaika kata simu.

Mimi sikukata. Kaka alipotuma tena, kuokoa jicho la kulia, nilikwenda kukaa kando ya simu ile kila nikitoka shule. Siku ya tatu ikalia.

"Eedo hajambo?"

Nikajibu kwa sauti tamu kwamba mama hajambo, ila safari hii pesa zimeandikwa kwa jina la mume wangu. Nikamtajia majina yote hadi babu wa nane, polepole, ayaandike vizuri. Yalikuwa majina ya mwenye duka la Nairobi mwenyewe, ambaye watu walimjua kwa jina lake la utani tu. Wakala wake wa Garissa ndiye aliyenipa, na alishampasha tajiri wake habari.

Jamaa akaenda. Akasimama mbele ya tajiri, akamtajia mababu zake mwenyewe. Tajiri alimwacha amalize wote wanane, kisha akafunga mlango na kumkalisha mbele ya redio. "Sasa taja wako."

Wakala alituita mbio kwenye redio yake. Wajir, Garissa, hadi Tarbaj, kila kituo kilikuwa kinasikiliza. Nilingoja jina lake kama ninavyongoja adhana ya magharibi siku ya mfungo. Likaja, kwa sauti ya kilio, kisha la baba yake, la babu yake. Shika adabu yako, nikasema moyoni. Alipofika jina la tano nikasikia sauti nyingine chini chini, kando yangu. Mama alikuwa akitaja pamoja naye, hadi mwisho.

"Ni mtoto wetu," akasema. "Mimi ni eedo yake kweli." Akajifuta jicho lililokufa, maana lilikuwa bado linatoa machozi. "Waambie wamwachie."

Nikaomba kipaza sauti, nikabonyeza.

"Arudie tangu mwanzo," nikasema. "Tarbaj hawakusikia vizuri."