Fisi Maji Niliowaandika

Harufu ya kaa wa mtoni wakikauka juani hunirudisha nyumbani, karibu na Buseresere, kwenye kijito kilichopita chini ya shamba letu la mihogo. Kinyesi cha fisi maji kilinuka hivyohivyo, kimejaa magamba ya kaa. Usicheke, msomaji. Nilipokuwa darasa la tano, mimi nilikuwa mtaalamu wa kinyesi hicho.

Mama mmoja mtafiti alitugawia madaftari watoto wa vijito viwili. Kila Jumamosi tuandike tulichoona: nyayo, kinyesi, au mnyama mwenyewe. Alitueleza wazi kwamba fisi maji hakai kwenye maji mabaya, na kijito atakachokihama ndicho kitakachopimwa maji kwanza. Niliitikia kwa kichwa huku nikiitazama kalamu mpya.

Miezi ya mwanzo niliwaona kweli, wawili, wakijisugua migongo kwenye nyasi. Kisha wachimbaji wakafungua mwalo wa kuoshea dhahabu huko juu, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Jumamosi nne mfululizo sikuona hata unyayo.

Sasa, bibi yangu aliyenilea hakuwahi kumwambia mgeni "hakuna". Unga ukiisha, aliazima kwa jirani kupitia nyuma ya nyumba, mgeni ale asijue. Basi nilipomwona mtafiti anakuja, viatu mkononi, tope hadi magotini, nilikimbilia jikoni nikaandika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Bado wapo?"

"Wapo. Wawili."

Alifurahi mno. "Karibu viazi, mayu," bibi akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, huku akinitazama kwa fahari.

Wale wawili niliwaandika mwaka mzima. Nikawazalisha na mtoto, familia isipwaye.

Wapimaji walipokuja, walipita kwetu wakatusalimu, wakaenda kijito cha pili, ambako binti mwenzangu alikuwa ameandika kila wiki kwamba haoni kitu. Wakakuta zebaki. Watu wa huko wakachimbiwa kisima. Sisi tukaendelea kuchota kijitoni miaka kadhaa. Mikono ya bibi ikaanza kutetemeka, akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Hakuna aliyetuambia ni maji, wala aliyesema siyo.

Nimekuja kuyaunganisha haya nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Yule mama hakuja kufurahishwa; alikuja kutafuta palipoharibika, nami nikamfichia. Nilikaa nikingoja kulia, machozi hayakuja. Ganzi tu, na mpaka leo ni ganzi.

Nikasafiri kwenda kumweleza bibi. Nilimkuta na jirani, na kabla sijafungua mdomo alianza kunisifu: "Ng'wanone, mwanangu huyu, kupokea wageni alijua tangu mdogo."

Akaomba maji. Nikamshikia kikombe, akanywa mpaka akamaliza, akanishukuru.