Simu ya Baba

Baba alipofariki, Mama aliendelea kuichaji simu yake. Kila ilipoingia meseji alitabasamu: "Mnaona? Bado wanamkumbuka baba yenu." Hakufungua hata moja. Simu ya mume haipekuliwi, alisema, hata akiwa kaburini. Nasi watoto, wasomi wazima, tukamwachia.

Mwaka wa tatu, maofisa wakabandika tangazo getini kwetu mtaani Remera: nyumba imechukuliwa kwa kutolipiwa kodi ya majengo, itapigwa mnada. Nikafoka kwamba hatukupewa taarifa. Ofisa mmoja akanionyesha namba waliyokuwa wakiiandikia. Ilikuwa ya Baba.

Nikaifungua simu. Meseji zote, tangu tulipomaliza matanga, zilitoka ofisi ya kodi.

Mama akavuta kiti, akakaa karibu, akisubiri nimsomee salamu za wanaomkumbuka mumewe.