Goti la Mke Wangu Mbele ya Wanafunzi

Shida yangu ilianza mwaka 1985, nikiwa na miaka thelathini na nane, ng'ombe wote walipokufa kwa ugonjwa kule Kamsamba. Nikahamia Tunduma, darasa la pili ndiyo elimu yangu, nikaanza kubeba magunia ya mahindi mpakani. Huwa nasema nilijijenga peke yangu. Gunia la pili alibeba mke wangu.

Mjini hakuna aliyenisalimu. Basi heshima nikaidai nyumbani. Nikiingia, mke apige goti, apige makofi ya salamu, asubiri nimwambie inuka. Akichelewa nilimchapa.

Mwaka 2013 akapata ugonjwa wa kusahau. Alisahau njia ya sokoni, kisha watoto, kisha hata kusimama. Mwalimu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, akaleta wanafunzi wanne nyumbani kwangu Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, wajifunze kumhudumia mtu wa namna hiyo.

"Bibi, kunja goti," kijana mmoja akamwambia. Mke wangu akashika kifungo cha koti jeupe la kijana huyo, akakivuta.

"Kaka, umepata mchumba," wenzake wakamtania.

Mwalimu akawaambia, "Huyu hajavunjika mguu. Maneno hayamfikii tena. Tafuteni mwili wake unakumbuka nini."

Mimi nilikuwa nje, nawatazama dirishani. Nikaingia kuwauliza kama soda zimetosha. Mke wangu kuniona tu, akateremka kwenye kiti, goti kwenye sakafu, akapiga makofi. Nikasema inuka. Akashika kiti, akainuka mwenyewe.

Wanafunzi wakafurahi. "Babu, kumbe dawa ni wewe." Binti mmoja akafungua daftari. "Zoezi ndilo hili. Babu aingie mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Babu, hii ni mila ya kwenu?"

"Ni heshima," nikasema. Akaandika.

Nikaona mke wangu amejikunyata kitini, anautazama mkono wangu wa kulia. Nikawaza hofu hiyo, mara ishirini kwa siku. Nikawaza na hawa watoto, watalipeleka somo hili nyumba ngapi.

"Futa," nikamwambia.

"Nifute nini, babu?"

"Heshima. Andika alikuwa anapigwa. Mimi ndiye niliyempiga."

Aliyetaniwa uchumba akainamia viatu vyake. Mwalimu akawauliza, "Goti mmeliona wote. Nani aliangalia uso wake?" Akanigeukia. "Mzee wangu, zoezi hilo hatulifanyi. Ukija kwake, kaa chini kwanza, uwe chini kuliko yeye."

Nikakaa sakafuni, mtu wa miaka sabini, vijana wananitazama. Mke wangu aliniangalia muda mrefu, hakushuka kwenye kiti. Binti akakata ule ukurasa, akaanza mwingine.

Hadi leo mke wangu anasimama kwa kushikwa mikono miwili, polepole, na wakati mwingine hataki. Simlazimishi.

Mali yangu leo: nyumba mbili Mpemba, mashine ya kusaga, kigoda cha kukalia chumbani kwa mke wangu, ekari nne za kahawa Mbozi, ng'ombe kumi na mmoja.