Fingo la Mjomba

Simu ya mkaza mjomba ilinikuta sokoni Darajani nachagua ndizi. "Njoo, mwanangu. Mjomba wako wamemchukua. Wanasema gaidi."

Nilicheka. Mjomba wangu, mtu wa Paje, mzee wa bakora, ambaye akimkanyaga paka humwomba radhi, leo gaidi! Halafu nikamsikia mkewe analia kweli, nikaziacha ndizi pale pale.

Mimi ni wakili. Kazi yangu ya kila siku ni talaka, mirathi, na majirani wanaogombania ukuta. Ugaidi niliusoma chuoni, nikafanya mtihani, nikashukuru kwamba umekwisha. Lakini jambo moja sikulisahau: kesi ya ugaidi haina dhamana. Mtu hukaa ndani mpaka iishe, na wengine nimewaona wakivushwa bara, wake zao wakabaki kuuliza habari kwa wapita njia. Na mjomba ana sukari. Sindano zake hamwamini mtu ila mkewe. Akipelekwa huko hatarudi, nililijua hilo kabla sijafika kituoni.

Alichofanya ni hiki. Hoteli mpya ilipandisha ukuta ukaziba njia ambayo wanawake hupita kwenda pwani kwenye mwani. Mkaza mjomba, na goti lake bovu, ikawa lazima azunguke mbali na gunia bichi kichwani, maji ya chumvi yanamtiririkia machoni. Mjomba alimwendea meneja wa hoteli, kwa adabu zake zote, zaidi ya mara moja. Meneja, kijana wetu huyu huyu wa mjini, akamjibu kwamba njia si yake. Basi mzee akaenda kwa mganga akatengenezewa fingo.

Kwa asiyelijua, fingo ni kitu cha kuzika mlangoni mwa mtu, akipita juu yake limshike. Kwetu ugomvi ukishindikana kwa mdomo, wapo wanaofika huko, na mimi siwasifu. Mganga alitaka chungu kipya, misumari, kitambaa cheusi, na waya wa shaba wa kufungia. Waya, kwa ubahili wake, mjomba akaung'oa kwenye redio mbovu. Alfajiri akakifukia chungu kwenye lango la hoteli, tena akakifukia ovyo, waya ukabaki nje. Mlinzi alipofukua akakuta misumari na nyaya za redio, yalaa! Wageni walitolewa mpaka barabarani na mataulo yao. Wataalamu wa mabomu wakaletwa, chungu cha watu kikalipuliwa. Aliyekizika hakutafutwa sana, maana alikuwa amesimama kando ya barabara na bakora yake, anaangalia.

Mpelelezi alikuwa mtu wa bara, mwenye sauti ndogo. Mimi niliingia na sauti kubwa. "Hivi nyinyi mmekosa wezi wa kukamata?" Aliniacha nikamaliza, akanivutia kiti.

"Bi wakili," akasema, "mimi nimewahi kuokota viatu vya watu baada ya bomu. Vya watoto vilikuwemo. Usinione kama nacheza."

Nikakaa. Nilimpenda tangu hapo, ingawa sikumwonyesha.

Mjomba akaletwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ushakula?"

Lahaula! Mtu yumo ndani, na bado anauliza kama mimi nimekula.

Mpelelezi akafungua kalamu. "Mzee, ulikusudia kutia hofu?"

"Naam. Fingo lisiloogopwa lina kazi gani?"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akanigeukia, "Wanikanyagia nini? Nseme uongo?"

Jamani! Kutia hofu ndiko hasa sheria inakokutafuta, na mzee kakuleta mwenyewe. Nikaona miaka yote ya bara inaandikwa mbele yangu, na mwandishi wala si mtu mbaya. Nikaomba nimuulize mimi.

"Mjomba, wale wageni walikukosea nini?"

"Wageni gani? Fingo husemewa jina la mtu. Mwengine akitaka na alikalie, halimfanyi kitu. Mimi nimemsema meneja, basi."

"Na serikali uliitaka ifanye nini?"

"Serikali? Mimi nataka njia!"

"Na meneja angekufa?" Hili aliliuliza mpelelezi.

Mjomba akainama. "Astaghfirullah. Nilitaka aumwe tumbo, afungue njia. Kufa sikumwombea. Yule mtoto wa watu, na mama yake yuhai."

Nikamgeukia mpelelezi, na safari hii sikupiga kelele. Nikamwambia hofu peke yake si kipimo. Mwizi akikushikia kisu anakutia hofu, mume akimpiga mkewe anamtia hofu, nao hatuwaiti magaidi. Tunawaita kwa makosa yao na tunawafunga. Gaidi humuua asiyemjua, asiyegombana naye, ili wengine wote waliobaki waogope kutoka majumbani mwao, na wakubwa wasalimu amri. Wenye vile viatu hakuna aliyewasema jina. "Huyu ana kosa. Kamtisha mtu, kaingia kwa watu bila ruhusa. Mshitakini kwa hayo, nami nitasimama naye. Lakini lile jina waachieni walioua wenye viatu."

Mpelelezi akamtazama mzee. Kisha akauliza, "Huo waya wa redio ndio aliousema mganga?"

"Hapana," mjomba akasema kwa aibu. "Yeye alisema ninunue."

Mpelelezi alijifunika mdomo kwa kiganja, na mabega yakamtikisika. Alipotulia akaandika. Ikaja kuwa kesi ya kutishia, mahakama ya kawaida, na dhamana ikapatikana siku ile ile mjomba alipofikishwa mbele ya hakimu.

Garini, neno lake la kwanza lilikuwa, "Yule kijana hajambo?" Roho haikumtulia kwa kuwa fingo lililipuliwa bila ya kuteguliwa inavyotakiwa, na huenda bado limemshika. Masharti ya dhamana yalimkataza asimkaribie meneja, kwa hivyo nikapiga simu kwanza. Meneja akasema aje, tena upesi. Kumbe naye usiku alikuwa halali kwa hofu! Akasimama langoni, na tai yake shingoni, mjomba akafukiza ubani, akasoma, akanyunyiza maji, akamwomba radhi. Kijana hakusogeza hata unyayo mpaka mzee alipomaliza. Akaahidi kutoboa mlango kwenye ukuta.

Nyumbani Paje baraza ilikuwa imejaa. Mwenzake wa bao tangu ujana akasimama, akapanua mikono. "Gaidi wetu karudi!" Wakaangua kicheko wote.

"Ukome!" nikamwambia. "Usimwite hivyo!"

"Bi wakili nawe, natania tu."

Nilijua anatania, na mapenzi yake nayajua. Mjomba akatabasamu kidogo, akampa mkono kila mmoja, akaingia ndani. Nilimkuta kitandani, mkewe anamtayarishia sindano.

"Fingo langu nimelitegua mwenyewe," akasema. "Hili la kwao, nani atalitegua?"

Mkobani nilikuwa na karatasi ya mahakama, ina muhuri, inasema kosa lake ni kutishia tu. Sikuitoa. Mkewe akamdunga sindano taratibu, na nje walikuwa wanamwita aje anywe kahawa, kwa jina lile lile.